Hati Mbili za Nidhamu

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu nilisoma kanuni nyingi za nidhamu, na nyingine niliziandika mwenyewe. Kwa hiyo mjukuu wangu anayesomea kompyuta aliponiletea hati mbili za mradi wa Linux, nilizisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

Linux ni programu huria, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki. Maandishi yake yako wazi: yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kupeleka marekebisho kwa watunzaji, nao wakayapokea au wakayakataa. Maelfu wamechangia, na wengi wao hawajapata kuonana. Hapo ndipo ulimi huteleza. Torvalds mwenyewe alijulikana kwa kuwakaripia wenzake kwa matusi mbele ya wote.

Hati ya kwanza iliingizwa mwaka 2015. Ni fupi sana, nami naisifu kwa jambo moja: inasema kweli tangu mwanzo. Inamwambia mgeni kwamba kazi yake itakaguliwa kwa makini, itakosolewa, na karibu kila mara itatakiwa kusahihishwa kabla ya kupokewa. Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha anastahili kuambiwa hivyo kabla hajakabidhi andalio la somo. Lakini kuhusu mkaguzi, hati ile haina mengi. Aliyetukanwa au kutishwa apeleke malalamiko kwa bodi ya ushauri wa kiufundi, basi. Hakuna orodha ya makosa, wala adhabu. Na mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa mkuu mwenyewe!

Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani, akapumzika, akarudi Oktoba. Wakati huohuo hati ya pili ilishika nafasi ya ile ya kwanza. Ilitokana na toleo la 1.4 la Contributor Covenant, maandishi yaliyoanzishwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Hii inataja makosa kwa majina: matusi, kushambulia nafsi ya mtu, usumbufu wa kijinsia, kuanika habari za siri za mwenzio. Inataja pia mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, na katika orodha hiyo ndefu nilifurahi kuona umri (sisi wazee tumo) na kiwango cha uzoefu. Walikuwapo walioilaumu kwamba imeleta siasa. Sikubaliani nao. Anayenyanyaswa hahitaji kanuni inayozungumza kwa mafumbo.

Lawama yangu ni nyingine. Hati hii ya pili inamtaka mtu apokee kwa uungwana ukosoaji wa kujenga. Vyema. Lakini mkosoaji haambiwi akosoe vipi; anakatazwa kutukana, kisha anaachwa hapo. Mkufunzi aliyekatazwa kutukana aweza bado kuandika "Rudia" chini ya andalio la kurasa tatu na kwenda zake, mwanachuo asijue kama kasoro iko kwenye malengo ya somo au kwenye zana. Ndivyo alivyofanyiwa mjukuu wangu katika mradi mwingine: kazi ya wiki mbili ilirudishwa kwa neno moja. "Babu, hawakunitukana," aliniambia. Kweli, na hawakumfundisha kitu. Ile kweli ya hati ya kwanza, kwamba kusahihishwa ni sehemu ya kawaida ya kazi, ingefaa ibakizwe, maana ndiyo inayomtuliza mgeni anapoona wino mwekundu.

Waandishi wa Covenant nadhani waliliona pengo hilo. Toleo la 2.0 linazungumzia kutoa maoni ya kujenga na kuyapokea pia, na limeweka ngazi nne za adhabu, kuanzia onyo la faragha hadi kufukuzwa kabisa.

Ama kuhusu adhabu, Novemba 2024 mtunzaji mmoja wa Linux alizuiwa kuingiza kazi yake katika mzunguko wa toleo la 6.13, kwa sababu ya maneno aliyomwandikia mwenzake. Atakuwapo mtu wa kusema fundi hodari asiguswe. Hata chuoni hoja hiyo ililetwa mezani kila alipokosea kijana bingwa wa hesabu. Mimi naona adhabu ile ilipimwa. Ilikuwa na mwisho unaojulikana, na sababu yake ilitangazwa kwa wote waliosoma yale maneno.