Zima Agizo Kabla ya Kufuta Faili

Kompyuta ya nyumbani inayochelewa kuwaka mara nyingi si mbovu. Inachelewa kwa sababu programu nyingi zilizosakinishwa zimejipa haki ya kuamka pamoja nayo: ya printa, ya kusasisha kivinjari, ya kuhifadhi picha mtandaoni, ya mchezo ambao mtoto aliucheza mara moja akauacha. Zote hugombania diski na kumbukumbu kwa wakati mmoja, na baadhi huchota bando kimyakimya huku mwenye kompyuta akiamini hajafungua kitu. Mtu akishachoka, mara nyingi hukimbilia folda ya programu inayomkera na kulifuta faili lake. Njia hiyo ninaipinga. Katika Windows, programu huanza yenyewe kwa sababu kuna agizo lililoandikwa mahali pengine kabisa, mbali na faili lenyewe. Anayefuta faili na kuliacha agizo hajamaliza kazi, na huenda amejiongezea tatizo.

Ushahidi mzito wa jambo hili ni wa tarehe 31 Oktoba 2005. Siku hiyo Mark Russinovich, mtaalamu anayeijua Windows hadi uvunguni, alieleza hadharani kwamba CD ya muziki ya Sony BMG ilikuwa imepachika kwenye kompyuta yake programu ya kuzuia kunakili, kazi ya kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet. Programu hiyo ilijificha: faili lolote ambalo jina lake lilianza na $sys$ halikuonekana. Draiva zake, yaani programu za kuendeshea vifaa, ziliandikishwa zipakiwe hata katika Safe Mode, hali ya kuwasha kompyuta kwa mambo ya lazima tu, ambayo fundi huitegemea mengine yote yakishindikana. Russinovich alipozifuta draiva hizo na kuwasha upya, kiendeshi cha CD kilitoweka. Draiva mojawapo, Crater.sys, ilikuwa imeandikwa katika rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio ya mfumo, kuwa kichujio ambacho data ya kiendeshi hicho lazima ikipitie. Faili lilikuwa limeshaondoka, lakini rejista iliendelea kuiagiza Windows ipite palepale, na Windows ilipokikosa kichujio ikashindwa kukiendesha kifaa chote. Ilibidi arudi kwenye rejista na kuyafuta majina ya vichujio, tena kwa ruhusa ya akaunti ya mfumo, kwa kuwa hata akaunti ya msimamizi ilizuiwa kubadili sehemu ile. Ikiwa mtu mwenye ujuzi wa kiwango hicho alipoteza kiendeshi kwa kufuta faili huku agizo limebaki, mtumiaji wa kawaida ana sababu zaidi ya kuanza na agizo.

Maagizo hayo hukaa sehemu nyingi. Kuna folda ya Startup, ya kila mtumiaji na ya watumiaji wote. Kuna funguo za Run ndani ya rejista, upande wa mtumiaji na upande wa mashine nzima. Kuna huduma, ambazo huanza hata kabla mtu hajaandika nywila. Kuna Task Scheduler, ratiba ya kazi ambayo programu za kusasisha huipenda sana, na kuna draiva. Kichupo cha Startup katika Task Manager, kilichokuja na Windows 8 mwaka 2012, huonyesha hasa folda zile na funguo za Run. Huduma na draiva hazimo, na kazi za ratiba hazimo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima kila mstari pale na mashine ikabaki nzito. Kwa kuona zaidi kuna Autoruns, programu ya bure ambayo Russinovich aliitengeneza pamoja na Bryce Cogswell, na ambayo hutolewa na Microsoft tangu ilipoinunua kampuni yao mwaka 2006. Ukiifungua mara ya kwanza, wingi wa mistari unatisha. Chagua kuficha maingizo ya Microsoft, na itakayobaki mingi ni ya programu ulizoweka wewe au alizoweka muuzaji.

Ubora wa vyombo hivi viwili uko katika namna vinavyozima. Task Manager haiufuti mstari ulio kwenye ufunguo wa Run. Inaandika katika sehemu nyingine ya rejista, StartupApproved, kwamba mstari huo hauna ruhusa. Autoruns, ukiiondolea programu alama ya tiki, huhamishia agizo lake kwenye sehemu iitwayo AutorunsDisabled. Kwa vyovyote agizo linabaki limehifadhiwa, na kulirudisha ni kubofya mara moja. Kwangu hii ndiyo hoja kuu, kwa sababu majina ya programu hizi mara nyingi hayaelezi kitu, na kukosea hakuepukiki. Ukizima kimakosa programu ya kidude cha kugusa cha laptopu, utagundua mara tu utakapowasha upya, na utairudisha. Ukiwa umeifuta, utaanza kuhangaika kutafuta draiva. Basi zima, washa upya, itumie kompyuta kama kawaida kwa siku kadhaa, printa na kamera zikiwemo. Usipoona pengo, iondoe programu kwa kiondoaji chake, kisha rudi Autoruns. Mistari yenye rangi ya manjano ni maagizo ambayo faili lake halipo tena.

Yupo atakayeuliza kwa nini tusianze na kiondoaji moja kwa moja, maana mtengenezaji ndiye anayeijua programu yake. Kiondoaji kitumike, lakini kazi yake ikaguliwe. Mwishoni mwa 2014 Lenovo iliuza laptopu zenye Superfish, programu iliyopenyeza matangazo ndani ya kurasa za mtandao, na ambayo kwa ajili hiyo iliweka cheti chake cha usalama miongoni mwa vile Windows inavyoviamini. Kuiondoa kwa njia ya kawaida kuliitoa programu na kukiacha cheti. Ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na Februari 2015 nywila yake ilivunjwa. Mtu aliyeunganishwa Wi-Fi moja nawe angeweza kughushi tovuti ya benki yako na kivinjari kisilalamike. Wanaosema antivairasi inatosha wakumbuke tukio hilohilo. Superfish ilikuja na kompyuta kutoka kwa kampuni inayojulikana, na Microsoft iliisasisha Defender, antivairasi yake, iiondoe pamoja na cheti chake baada ya habari kuenea. Ama programu zinazojitangaza kuwa za kusafisha rejista, baadhi hujiandikisha zenyewe zianze kompyuta inapowaka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wanaosema futa diski yote, weka Windows upya. Kwa mashine iliyoingiliwa na virusi nakubaliana nao bila kusita. Lakini hata hapo hoja ya agizo inasimama, kwa sababu agizo linaweza kuwa nje ya diski. Tangu Windows 8, mfumo huo una utaratibu uitwao WPBT, unaomruhusu mtengenezaji wa kompyuta kuweka programu ndani ya BIOS, programu ya kuwashia kompyuta iliyo kwenye chipu ya ubao mama, na Windows huichukua na kuiendesha kila inapowaka. Lengo lilikuwa kulinda vitu kama programu za kuzuia wizi. Lenovo iliutumia kuweka programu yake iitwayo Lenovo Service Engine, na mwaka 2015 watu waliosafisha diski na kuweka Windows mpya waliyakuta mafaili ya Lenovo yamerudi. Kufuta kungeweza kurudiwa milele. Tiba iliyotolewa na kampuni hiyo Julai mwaka huo ilikuwa BIOS mpya zinazoizima Lenovo Service Engine, pamoja na chombo cha kuondoa huduma na mafaili yaliyokwisha kuandikwa. Anayenunua laptopu ya Lenovo ya miaka ile iliyokwisha kutumika aangalie kwanza toleo la BIOS, na kama ni la kabla ya marekebisho hayo alisasishe kabla hajaigusa diski.