Sifa ya Gitaa la Kati

Watu wa Bunia, ambao Kinshasa iko mbali nao kwa zaidi ya kilomita 1,700, na ambao bidhaa zao huwafikia zaidi kwa njia ya Uganda kuliko kwa njia ya mji mkuu wao wenyewe, hawakulazimika kuwaona vijana wa bendi ya Wenge Musica kwa macho ndipo wawajue kuwa ni watu wa umaridadi. Jina lao la BCBG, ambalo Wafaransa humpa mtu nadhifu wa mavazi na wa adabu za kiungwana, lilitosha kuwatangaza. Kwa sababu hiyo, itajwapo Bouger Bouger, santuri yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1988 na kuwavusha mipaka ya Bandalungwa, mtaa wa Kinshasa walikoiasisi bendi mwaka 1981 wangali wanafunzi, aghalabu husemwa kwamba kilichouza ni nguo, na mitindo ya kucheza, na sauti ya JB Mpiana katika “Mulolo”. Mimi siafiki. Kilichouza ni sebene, ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa.

Tangu bendi ya Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa Disemba 1969, ilipoziweka kando tarumbeta za wazee, mzigo wa wimbo uliwaangukia wacharazaji wa magitaa. Waimbaji wakisha kunyamaza, gitaa la ridhimu hushika kifungu kifupi na kukirudia pasipo kuchoka. Solo hupaa juu yake. Na baina ya hayo mawili husimama mi-solo, gitaa la kati, ambalo kazi yake yote ni kuzijaza nafasi zilizoachwa na wenziwe, wala lisizidishe hata noti moja. Besi, ambalo katika Wenge lilikuwa mikononi mwa Didier Masela, hujibizana na ngoma, na atalaku huchochea wachezaji kwa makelele yake. Huo ni ustadi wa kujinyima: mpigaji wa mi-solo akitamani kusikika peke yake, sebene yote imeharibika, na asiposikika kabisa, imepooza.

Mwaka ule ule wa 1981 ilipoasisiwa Wenge, huko Los Angeles, vijana wengine waliojipaka wanja (na wanja waliupaka bila ya haya, kuwazidi maharusi wetu) walitoa santuri yao ya kwanza, Too Fast for Love, kwa lebo yao wenyewe, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya Elektra ikaitoa upya. Hao ni Mötley Crüe. Siwadharau, lakini kwao mcharazaji wa solo hujitokeza mbele na wenziwe wakampisha, ilhali katika sebene hapana ampishaye mwenziwe, na hata Alain Makaba, mcharazaji wa solo wa Wenge, pamoja na umahiri wake wote, solo lake lisingekuwa na pa kukanyaga lau wale wawili wa nyuma, wa ridhimu na wa mi-solo, wangelegea.

Mwaka 1997 JB Mpiana alitoa Feux de l'amour, santuri ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, ikashinda sokoni. Kabla mwaka haujaisha bendi ikagawanyika, mwimbaji mwenziwe Werrason akaenda na bendi yake, Wenge Musica Maison Mère. Waimbaji waligombania fahari, wala hawakujifunza kujinyima kwa yule wa mi-solo.

Basi, msomaji, utakapoisikia tena “Mulolo” katika baa ya Boulevard de la Libération mjini Bunia, waache waimbaji wamalize yao, kisha umtafute kwa sikio yule wa mi-solo, umpe haki yake.