Kutambua Zabibu Nzuri ya Dodoma

Zabibu haivundikwi. Embe na ndizi huvunwa zikiwa zimekomaa lakini hazijaiva, zikaivia ndani, lakini kichala cha zabibu kikishakatwa kwenye mzabibu hakiongezi sukari tena. Kinachofuata ni kunyauka au kuoza. Mnunuzi anayetumaini kwamba uchachu utapungua baada ya siku mbili anajidanganya.

Mzabibu wa Dodoma haupati baridi kali ya kuulaza, hivyo mkulima huuamsha kwa kuupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu ya Agosti na Septemba hukomaa wakati wa kiangazi, mchana jua, usiku ubaridi, na ndiyo yenye utamu uliokolea. Ile ya Februari na Machi hukutana na mvua: maji hupasua punje, huzimua utamu na kuleta magonjwa ya ukungu. Si ya kukataliwa, ila inataka jicho kali zaidi.

Kinachowapotosha wengi ni rangi. Makutupora nyekundu, aina iliyobeba jina la eneo lenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kaskazini mwa mji, hukolea rangi wiki kadhaa kabla ya kukolea utamu. Kipimo cha kweli ni punje ya mwisho kabisa, kwenye ncha ya kichala, kwa sababu ncha huiva baada ya mabega. Muuzaji aombwe hiyo ya kuonja, wala si ya juu anayoichuma mwenyewe. Ikiwa tamu, kichala kizima ni kitamu.

Upya wake husomwa kwenye kikonyo. Cha kijani kinachopindika kimekatwa karibuni. Cha kahawia kinachovunjika kama kijiti kimekaa siku kadhaa. Kichala kikitikiswa taratibu na punje zikapukutika, kiachwe. Utando mweupe juu ya ngozi ni nta ya tunda lenyewe, dalili kwamba halijashikwashikwa. Usichanganywe na ubwiri unga: nta ikipanguswa kwa kidole huacha ngozi safi, lakini ubwiri huacha makovu ya kijivu au kahawia, na mara nyingi punje hupasuka hadi mbegu zikaonekana.

Nyumbani, zabibu isioshwe mpaka wakati wa kula. Punje zilizopasuka ziondolewe kwanza, maana moja huambukiza jirani zake, kisha vichala vipangwe kwa tabaka moja juu ya karatasi ndani ya friji. Hukaa wiki moja au zaidi. Pasipo friji, kivulini penye hewa, siku mbili tatu. Kwa anayesafiri nayo, zabibu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuanza kuharibika kabla basi halijafika Dar es Salaam; boksi lenye matundu ni bora zaidi.

Baridi ya friji huficha utamu, hivyo itolewe mapema kidogo, ioshwe kwa maji yanayotiririka, ndipo iliwe. Ngozi ya Makutupora ni nene na ina ukakasi, kwa kuwa aina hiyo hulimwa hasa kwa ajili ya mvinyo. Asiyeupenda huminya nyama na kuacha ganda. Zilizolegea bila kuoza hufaa juisi, au hukaushwa kwenye chanja wakati wa kiangazi: takriban kilo nne mbichi hutoa kilo moja ya zabibu kavu.