Kivuli cha mlangoni huamuliwa kwenye lenta

Nyumba mpya zinazojengwa Bariadi zina tatizo ambalo msonge wa Kisukuma haukuwa nalo. Nyasi za msonge zilishuka chini hata mgeni akainama kuingia, na ukuta wa udongo ukabaki mkavu. Nyumba ya bati iliyofuata nayo ilitoa upenu wa kutosha. Sasa fasheni ni paa la kuficha: ukuta unapanda kulipita bati, upenu haupo, na mlango wa mninga unapigwa jua na mvua moja kwa moja. Mwenye nyumba hukumbuka kivuli plasta ikiwa imeshakauka, na hapo njia nzuri kuliko zote imeshampita.

Tuanze na vipimo. Chukua mlango wa mita 2.1, na kivuli kilichokaa mita 2.4 kutoka sakafuni, kikitokeza mita 1. Mvua inayosukumwa na upepo kwa nyuzi 45 hupita chini ya ukingo na kulowesha mlango kuanzia kimo cha mita 1.4 hadi chini, yaani theluthi mbili zake. Kikitokeza mita 1.5, maji yanaanzia sentimita 90. Wanaokipandisha juu ili nyumba ionekane ya hadhi wanalipia urembo tu.

Jua la jioni ni gumu zaidi. Bariadi iko karibu na nyuzi 34 mashariki, ilhali saa za Tanzania zinafuata nyuzi 45, hivyo jua hufika juu kabisa mnamo saa 7 kasorobo. Saa 11 jioni, mwezi Machi au Septemba, bado liko nyuzi kama 26 juu ya upeo. Mlango ukitazama magharibi, kile kivuli cha mita 1 kitaufunika sentimita 20 za juu tu. Hapo panda mwarobaini, uache kumsumbua fundi.

Nguzo mbili mbele ya mlango zinapendeza, lakini uliza kwanza umesimama juu ya nini. Kwenye luseni, ule mchanga wa karibu na miamba, hazina shida kubwa. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nguzo yenye msingi mfupi hupanda na kushuka kivyake, nyumba nayo kivyake. Ufa hutokea pale kivuli kinapoungana na ukuta. Mbugani, mimi nisingeweka nguzo kabisa.

Kinachobaki ni slabu inayoning'inia, imwagwe pamoja na lenta. Yenye upana wa mita 1.8, ikitokeza mita 1 kwa unene wa sentimita 10, ina uzito wa kilo 430 hivi. Zege huvumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa, na slabu ya namna hii huvutwa upande wa juu. Kwa hiyo nondo kuu zikae juu, zirudi ndani na kufungwa kwenye lenta. Fundi aliyezoea slabu za vyumba huzilaza chini kwa mazoea, na kosa hilo halionekani mpaka mirunda itolewe. Mirunda yenyewe isiguswe kabla ukuta wa juu haujajengwa, maana ndio unaokandamiza mkia wa slabu.

Kama nyumba imeshakwisha, fremu ya chuma na bati inatosha. Adui wake ni upepo unaoingia chini na kuinua. Upepo wa kilomita 70 kwa saa husukuma kwa nguvu ya kilo 20 hivi kwa kila mita ya mraba, na bati la geji 30 halifiki kilo 3. Bolti zipite kwenye lenta hadi ndani, zikazwe na kipande cha bapa. Tofali la kuchoma halina nguvu ya kuzishika. Weka gata, maji yapelekwe mbali na msingi. Yakituama hapo mbugani, kitakachopanda na kushuka ni nyumba yenyewe.