Idhini ya Mzazi na Mpangilio wa Awali: Uhakiki wa Ulinzi wa Mtoto katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinakataza kuchakata data binafsi za mtoto isipokuwa mzazi au mlezi ametoa idhini, na uchakataji wenyewe unalinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Masharti hayo ni mawili, nayo yameunganishwa. Idhini peke yake haitoshi. Hata hivyo, kifungu kinaendelea kuagiza mifumo ya kuthibitisha umri na idhini tu. Sharti la pili, ambalo ndilo zito, limeachwa bila utaratibu wake. Kifungu cha 41, kinachotaka ulinzi uingizwe tangu hatua ya usanifu na katika mpangilio wa awali, hakimtaji mtoto.

Udhaifu wa kuegemea idhini ulidhihirika nchini Ireland. Mwezi Septemba 2023, Tume ya Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza TikTok faini ya yuro milioni 345. Akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa umma tangu kufunguliwa. Zaidi ya hayo, kipengele cha kuunganisha akaunti ya mtoto na ya mtu mzima hakikuthibitisha kwamba mtu mzima huyo ni mzazi au mlezi kweli. "Mzazi" alikuwa yeyote aliyejitambulisha hivyo.

Kanuni ya Usanifu Unaozingatia Umri ya Uingereza, iliyoanza kutumika Septemba 2020 na kuwapa watoa huduma mwaka mmoja wa kujirekebisha, inaelekeza wajibu kwa msanifu. Miongoni mwa viwango vyake 15, faragha inapaswa kuwa ya juu tangu mwanzo, kionyeshi cha mahali alipo mtoto kizimwe, na mtoto aonyeshwe dhahiri pale mzazi anapomfuatilia. Kiwango cha tatu ndicho chenye manufaa zaidi kwa Afrika Mashariki: mtoa huduma athibitishe umri kwa kadiri ya hatari iliyopo, ama awape watumiaji wote ulinzi uleule.

Njia hiyo ya pili inafaa pale ambapo simu moja hutumiwa na mama, kaka na mwanafunzi wa darasa la nne, kwa akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mama. Uthibitishaji wa umri hapo utamwona mama tu. Mtoto hayumo katika kumbukumbu za mfumo, ingawa ndiye aliyeshika simu. Kifungu cha 33(1)(b) kikisomwa pamoja na cha 41, msingi wa kisheria wa kudai ulinzi huo upo tayari, bila kusubiri marekebisho ya Sheria.

Linabaki tatizo ambalo hata kanuni ya Uingereza hailimalizi. Mama akiwasha kionyeshi cha mahali alipo ili aitiwe bodaboda, kisha akampa mwanawe simu, mtoto hurithi uamuzi wa mama, na mpangilio wa awali huwa umekwisha kupita.