Mwaka wa majaribio: wanapima kaye ao mwalimu?

Wandugu wenye lisansi, mimi ni mtu wa agronomia, lakini nilifundisha biolojia mwaka muzima wa majaribio kama NU: bila matrikile, makuta ya wazazi tu. Siku inspekta alikuja, alifungua kaye ya maandalizi, akaangalia sahihi za prefe, akaenda. Somo hakusikiliza. Kumbe wiki ile nusu ya batoto walianguka interogasio ya fotosinteze kwa kosa langu: nilieleza mbiyo-mbiyo, hakuna mutu aliniambia.

Hata mche wa kahawa katika pepinyeri, tunaangalia kwanza majani yake mbele ya kuuhamisha shambani. Mwalimu mpya naye asikilizwe darasani, aambiwe kosa lake. Kaye safi haifundishe mutoto. Wewe ulisikilizwa mara ngapi?