Pongezi kwa Wabadilisha Fedha wa Arua

Ukitaka kuijua Arua, achana na bodaboda, tembea kwa miguu. Mji huu wa Uganda uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020 umejaa mafundi cherehani barazani na akina mama wa mihogo na samaki wakavu. Pongezi zangu, hata hivyo, nawapa wabadilisha fedha wa mtaani. Kongo iko jirani kabisa, Sudan Kusini iko mbele ya mji wa Koboko, na biashara haingoji benki ifungue.

Mtazame mmoja kazini. Noti ya faranga anaipapasa kwa kidole gumba, anaiinua juani, anabonyeza kikokotoo, kisha anamgeuzia mteja kioo ajionee mwenyewe. "Hesabu tena, mama." Mama anahesabu huku akinung'unika kidogo, ndiyo desturi. Mazungumzo yanatoka Kilugbara, yanaingia Kiswahili, Kilingala, hata Kiarabu cha Juba, wala hakuna anayeshangaa.

Wajanja wapo, sikatai, na dola iliyochakaa hukatwa bei bila huruma. Lakini mchuuzi wa Manibe aliyemuuzia Mkongo maharage hurudi nyumbani na shilingi zake siku hiyo hiyo, bila fomu wala foleni.